Mnara mmoja mrefu: shajara ya Pleyi za zamani

Jumamosi

Basi nimeanza. Jana yaya, ndugu yangu mkubwa, alinipa kartoni moja iliyokuwa chini ya kitanda chake kule Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, tangu afunge chumba chake cha michezo, ndani mna PlayStation 2 ile nene, PlayStation 1 ya kijivu, maneti tano za kushika na kuchezea (mbili waya zimekatika), diski kama thelathini nyingi hazina boksi, na kadi moja nyeusi ya memori ya MB 8 iliyobandikwa plasta, juu yake kumeandikwa kwa biki USIFUTE. Akasema chukua, ukizifufua ni zako.

Kuzifufua ni sehemu ndogo tu ya hesabu yangu. Kwenye kile chumba watu walilipa kwa mechi na mechi ilikuwa PES, mchezo wa mpira wa miguu, asubuhi PES, jioni PES, ukileta mchezo mwingine foleni yote inakupigia kelele. Na kitabu cha maelezo hakuna aliyewahi kukiona, mashine zilifika hapa Lubumbashi zikiwa zimeshatumika Ulaya, bila boksi, bila karatasi. Kwa hiyo nataka kupitia vitu vyote vilivyokuwemo ndani ambavyo hatukuvigusaka, kimoja kimoja, na naandika hapa kile tu nilichojaribu kwa mkono wangu.

Leo nimefungua PS2 na turnevisi nikaisafisha. Nyuma imeandikwa SCPH-30004, hiyo ni ya Ulaya. Vumbi jekundu la Lubumbashi limejaa kwenye feni mpaka limekuwa kama blanketi, nimelitoa kwa burashi ya rangi. Lenzi nimeipitisha pamba yenye alkoli kidogo. Halafu nikaona betri ya duara ndani, CR2032, ile ile ya ubao wa kompyuta, imekufa kabisa. Nikakumbuka! Kila ukiichomoa hii mashine kwenye ukuta ukirudisha ilikuwa inauliza lugha na saa, sisi tunabonyeza X X X mpaka ipite, miaka yote tukidhani ndo tabia yake. Kumbe ilikuwa inaomba betri. Nimeweka mpya, nikaipa saa, nikachomoa, nikarudisha, saa ipo.

Jumapili

Hii ndo iliyoninyima usingizi, acha niieleze polepole.

Ukiwasha PS2 kuna ile picha ya mwanzo, unapita kama unaelea katikati ya minara ndani ya ukungu, kila mtu ameiona mara elfu na kila mtu anadhani ni pambo. Si pambo. Mashine inaweka kwenye kadi faili dogo la mfumo, na ndani ya faili kuna historia ya michezo uliyowasha, hadi michezo 21, kila mchezo una mnara wake, na ukiuwasha mara nyingi mnara wake unapanda. Toa kadi, washa tena, minara haipo. Nimefanya hivyo mara nne, na kadi, bila kadi, na kadi, bila kadi, kama mtoto anayechezea swichi ya taa.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, ana miaka 11, akauliza, "Mujomba, mbona kuko munara moja murefu hivi, ingine yote fupi-fupi?"

Ule mrefu ni PES. Yaani kila kijana wa Katuba aliyeleta faranga zake pale akangoja zamu amesimama, yumo humo, walioshinda na waliolia wote wamo, wamerundikwa kuwa mnara mmoja. Na vile vifupi ni michezo mingine yote aliyokuwa nayo yaya, iliyowashwa mara moja mbili ikarudishwa kwenye mfuko. Nyumba ina vyumba ishirini na sisi tulilala sebuleni miaka saba.

Nimempigia yaya simu. Alinyamaza, halafu akasema, "Sasa ile yote ilikuwa inaandikwa?"

Ndiyo yaya, ilikuwa inaandikwa.

Jumatatu usiku

Kuran, yaani umeme, ilikatika saa moja ikarudi karibu saa nne, nimefanya kazi ya saa moja tu. Nilichojaribu: diski za PS1 ndani ya PS2. Kwamba zinacheza tulijua. Ambacho hatukujua ni kwamba kwenye menyu kuu, kabla ya kuweka diski, ukibonyeza pembetatu unaingia kwenye ukurasa wa matoleo ya programu za mashine, hapo shuka mpaka mstari wa PlayStation, bonyeza pembetatu tena, yanatokea mambo mawili: kasi ya kusoma diski, na ulaini wa picha.

Nimeweka Tekken 3, mchezo wa ngumi, kwa ulaini. Zile ngozi zenye vipande-vipande vya mraba zimekuwa laini, nyuso zinaonekana nyuso. Lakini maandishi na ile michirizi ya nguvu juu vimepoteza ukali kidogo, kwa hiyo mimi ningeitumia kwa michezo ya magari na ngumi tu, michezo ya kuchorwa ningeiacha ilivyo. Kasi ya diski nayo inapunguza kungoja, ila si kila mchezo unaivumilia, mmoja wa mbio umekwama kwenye video ya mwanzo nikalazimika kuzima. Na ukizima mashine yote mawili yanarudi mwanzo, kila siku unaweka upya.

Kitu kingine cha menyu kuu ile ile: mchezo wa PS1 hauwezi kuhifadhi kwenye kadi ya PS2, unataka kadi yake ya zamani yenye nafasi 15. Lakini kutunza unaweza! Unanakili kutoka kadi ya PS1 kwenda ya PS2, inakaa kama kwenye ghala, siku ukiitaka unairudisha kwenye kadi ya PS1 unaendelea. Nafikiria wenzetu waliokuwa wanafuta safari ya mtu mwingine ili wapate nafasi, na ugomvi uliofuata, na ghala lilikuwepo hapo hapo.

Jumatano

Fupi. Diski tatu zilikataa kusomwa. Ukurasa ule wa matoleo, mstari wa kwanza ambao ni wa mashine yenyewe, pembetatu, kuna uchunguzi, unauwasha kisha unaweka diski na mashine inajirekebisha usomaji wake. Moja imekubali. Mbili zimekwaruzwa hadi unaona mwanga upande wa pili, hizo nimeziaga. Huu nao unajizima ukizima mashine.

Ijumaa

Tekken 5, ya 2005. Diski hii yaya alikuwa nayo na ina kamnara kafupi kabisa. Ndani yake mna Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, zile za mashine kubwa za kusimama, zote zimewekwa humo kama zawadi, na wakati mchezo unapakia mara ya kwanza unapewa StarBlade, mchezo wa anga wa Namco wa 1991, unapiga risasi huku unangoja. Vijana wanne walikuja kwenye atelie, karakana yangu, kuchukua simu ya mmoja wao, wakakaa saa nzima, mmoja alikataa kabisa kuamini kwamba ile Tekken ya kwanza imo kwenye diski moja na hii, akanitaka nifungue mashine aone kama hakuna diski nyingine imefichwa. Nikafungua.

Huu mtindo wa kukupa mchezo mdogo wakati mkubwa unapakia, Namco walikuwa na hataza yake Marekani mpaka 2015, ndo maana miaka yote ile wengine walikuwa wanatuonyesha mstari unaojaa taratibu. Mimi hii inaniuma kwa kweli. Fikiria dakika zote tulizokaa kutazama mstari.

Jumamosi ya pili

Leo ni PS1 ya kijivu na ndo siku nzuri kuliko zote mpaka sasa.

Nina Ridge Racer, mchezo wa kwanza kabisa wa magari wa mashine hii, Japani ulitoka pamoja na PlayStation yenyewe Desemba 1994. Unapoanza kupakia unapewa Galaxian, vile vidudu vya anga vinavyoshuka, na ukiviua vyote kabla haujaisha unaongezewa magari mengine ya kuchagua. Mpwa wangu aliviua kwa jaribio la sita. Lakini si hicho.

PlayStation ina memori ya MB 2 tu, na Ridge Racer wote unaingia humo mzima. Ukishapakia, mchezo hauihitaji diski tena, diski inabaki kuwa CD ya muziki, nyimbo za mbio zimo humo kama nyimbo za CD yoyote ya dukani. Sasa maana yake ni nini? Maana yake unafungua kifuniko, unatoa diski ya mchezo, unaweka CD yako, unafunga, na mbio zinaendelea na muziki wako!

Nilienda ndani nikamwomba mama CD moja ya rumba. Akauliza ya kufanyia nini, nikamwambia ya kuendeshea gari, akanitazama. Nimeweka. Nimechagua wimbo namba tatu. Magari yamepangwa, hesabu imefika, na badala ya ule muziki wa mashine likaingia gitaa, taratibu, maneno ya mapenzi, mimi nakata kona ya kwanza kwa kilomita mia na kitu kwa saa huku mtu analia kwa sababu ya mwanamke. Halafu sebene ikaanza kwenye handaki. Naandika hivi bado nina furaha. Mama mwenyewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka mbio zimeisha, akasema, "Kumbe hii kitu iko na akili." Alirudi ndani akaleta CD nyingine mbili bila kuombwa.

Ushauri kwa atakayejaribu: badilisha ukiwa kwenye menyu, usibadilishe katikati ya mbio. Na CD iwe na nyimbo za kutosha maana mchezo unaitafuta kwa namba.

Baada ya hapo sikuweza kuacha, nikazima nikawasha bila mchezo, nikaweka CD ya mama kwenye kicheza CD cha mashine. PS1 za baadaye, za namba 7000 na kuendelea, zina kitu kinaitwa SoundScope: muziki ukianza unabonyeza Select na skrini yote inageuka rangi na maumbo yanayocheza na muziki, unayabadilisha kwa butoni za maneti. Yetu ni 9002 kwa hiyo inayo. Tumekaa watu sita tunatazama rumba. Jirani alitaka kujua ni chaneli gani.

Jumanne

Maneti. Nimeunga waya za zile mbili, moja imepona. Butoni za DualShock 2 zinapima nguvu ya kidole, si bonyeza-achia tu kama ile ya kwanza. Kwenye Gran Turismo, mchezo wa magari, butoni ya X ni mguu wako kwenye akselereta, ukigusa kidogo gari linatembea kidogo, na kwenye Metal Gear Solid 2 ukiwa umeelekeza bastola ukiachia mraba taratibu sana unaishusha bila kupiga. Sisi tulikuwa tunazipiga maneti kama ngoma, na maneti zilikuwa zinasikia hadi uzito wa kidole gumba.

Alhamisi

San Andreas, ule wa Grand Theft Auto. Mchezo wa 2004, hapa mjini kila mtu aliucheza, na kila mtu aliucheza peke yake huku wengine wanangoja afe ili wapokee maneti. Ukitembea kwenye ramani utakuta picha ndogo inayozunguka ya watu wawili. Ukiikanyaga huku maneti ya pili imechomekwa, mtu wa pili anaingia. Wawili, mtaa mmoja, skrini moja, huwezi kwenda mbali na mwenzako lakini mnatembea pamoja. Nimewaonyesha vijana wawili, ndugu wa tumbo moja, wana miaka kama ishirini na tano sasa, walisema walikuwa wanapigana kwa ajili ya mchezo huu walipokuwa wadogo, kupigana kweli, mpaka baba yao akauficha. Hawakucheka. Mkubwa alichukua maneti ya pili akampa mdogo ya kwanza.

Gran Turismo 4 ina sehemu ya kupiga picha, unalipeleka gari lako mpaka Kyoto, unalipanga, unachagua lenzi, unapiga, na picha inatoka nje ya mashine kwenye flashi, kupitia zile tundu mbili za USB za mbele ambazo sisi tulizitumia kuchaji simu. Flashi mpya kubwa imekataliwa, ile yangu kuukuu ya MB 256 imekubaliwa, taratibu lakini imekubaliwa. Nimeipeleka mjini kwa mpiga picha anayetoa picha za pasipoti, akaitoa kwenye karatasi nzuri. Mpwa wangu ameibandika juu ya kitanda, Toyota nyekundu na nyuma yake mji wa watu wa Japani, amewaambia wenzake shuleni kwamba ameipiga mwenyewe na ni kweli ameipiga mwenyewe.

Jumapili ya tatu

Kando ya zile USB kuna katundu kengine kadogo, i.LINK. PS2 nene za mwanzo zinako, kuanzia namba 50000 walikaondoa. Gran Turismo 3 inakatumia kuunganisha mashine, hadi sita, kila dereva na skrini yake nzima. Waya wake ndo ule ule wa kamera za video za harusi za zamani, zile za kaseti ndogo. Nilienda kwa mzee mmoja wa Kamalondo aliyekuwa anapiga harusi, ana ndoo nzima ya waya. Wa kwanza aliyonipa ulikuwa na kichwa kidogo upande mmoja na kikubwa upande mwingine, huo ni wa kwenda kwenye kompyuta, haufai. Wa chini kabisa ulikuwa na vichwa vidogo pande zote mbili, akanipa, akakataa hela, akasema tu nimwite siku nikiuwasha.

Nimeazima mashine ya pili na diski ya pili na tele ya pili. Mzee alikuja na shati lililopigwa pasi. Mbio ya kwanza tumemaliza, ya pili kuran ikakatika kwenye kona ya mwisho yeye akiwa mbele. Anasema hiyo ni ushindi na mimi nimeandika ushindi.

Jumamosi ya nne

Nilikuwa naikwepa kadi. Nimeitumia kwa minara lakini mafaili yake sikuyafungua, kwa sababu ya ile plasta. Leo yaya amekuja mwenyewe, nikamuuliza nisifute nini. Akasema weka PES 6.

Chelsea kwenye PES 6 haikuwa na leseni, inaitwa London FC. Tumeitafuta London FC haipo. Mahali pake pana TP MAZEMBE, timu yetu ya Lubumbashi, jezi nyeusi na nyeupe ya mistari, golini Kidiaba, mbele Kabangu na Kaluyituka waliowafunga Internacional 2-0 kule Abu Dhabi Desemba 2010, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Na Mputu, ambaye kule Abu Dhabi hakucheza, yaya alimweka na akampa utepe wa unahodha. Alikuwa anafanya kazi hiyo usiku, wateja wakishaondoka, jina baada ya jina, nywele, urefu, rangi ya viatu, kwa maneti, herufi moja moja. Mimi nilikuwa nalala chumba cha pili na sikujua. Ule mchezo mmoja tuliodhani tumeumaliza wote, ulikuwa na chumba ambacho ni yeye tu aliyeingia.

Nembo ya timu unaichora mwenyewe nukta kwa nukta kwenye viraba vidogo. Mamba wa nembo ya Mazembe alikuwa amechorwa kichwa na mgongo. Taya la chini halikuwepo, wala mpira.

Nikamuuliza mbona hukumaliza. Akasema ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kufunga chumba, kodi ilikuwa imepanda.

Tumekaa tangu saa nane. Yeye anachora, mpwa wangu anashika simu yenye picha ya nembo ya kweli na kumwambia, "Yaya mukubwa, hapa kuko jino ingine," mimi nilikuwa nachemsha chai na kuomba kuran isitoke. Ilipofika saa kumi na moja na nusu mpira umekaa mdomoni. Akahifadhi. Akazima, akaniambia washa tena, nataka kuona ile minara uliyonipigia simu.

Nimewasha. Mrefu upo pale pale. Pembeni sasa vimesimama vingine, vya mwezi huu, Tekken, San Andreas, Gran Turismo mbili, vifupi lakini vinaonekana. Yaya alisogeza kiti mbele akanyoosha kidole kwenye kioo, akaanza kuuliza huu ni upi, na huu, na huu.